Ofa Gani ya Mastazi Ndiyo Rahisi Kweli? Piga Hesabu Hivi Kabla Hujasema Ndiyo

Kila mwaka kuanzia Februari mpaka Mei simu yangu haitulii. Mtu ananitumia picha ya barua ya chuo cha nje alikoomba mastazi, yaani digrii ya pili, namba imezungushiwa rangi nyekundu, na swali ni lile lile: "Nimepewa skolashipu ya dola 25,000, niende?" Jibu langu pia ni lile lile, sijui, niambie kwanza ni ngapi hawajakulipia. Hapo kimya. Siku tatu baadaye ndio ananiuliza, kwani unamaanisha nini.

Iko hivi. Skolashipu ni punguzo, na punguzo halikuambii bei. Kiatu cha elfu kumi pale mjini kikipunguzwa nusu bado unatoa elfu tano, na Gikomba kuna kiatu cha elfu moja mia tano ambacho hakuna mtu amekubandikia bango la ofa. Kwa hivyo hapa hatulinganishi skolashipu na skolashipu. Tunatafuta namba mbili tu kwa kila ofa. Ya kwanza naiita shimo, yaani pesa yote itakayotoka mfukoni mwako hadi umalize. Ya pili ni pesa ya mkononi unayotakiwa kuwa nayo kabla posho ya kwanza haijaingia. Wengi wanatafuta ya kwanza wanasahau ya pili, halafu ya pili ndiyo inawazuia kupanda ndege.

Kabla hujaanza, weka hivi mezani

- Barua ya kukubaliwa na barua ya skolashipu. Hizi ni barua mbili tofauti, zisome zote mpaka maandishi madogo ya chini.
- Ukurasa wa karo wa hicho chuo, wa mwaka UTAKAOANZA na wa wanafunzi wa kutoka nje.
- Ukurasa wa serikali ya hiyo nchi unaoeleza ada za viza. Sio video ya mtu, sio ajenti wa pale Moi Avenue.
- Karatasi yako ya mshahara na orodha ya madeni yako yote, pamoja na lile la shemeji.
- Mkenya mmoja anayesoma huko sasa hivi. Sio aliyemaliza 2017, bei za nyumba zimehama.
- Ekseli, au kitabu cha mistari na kalkuleta ya simu, inatosha.
- Jioni moja bila kelele.

Hatua ya 1: Weka kila kitu kwenye muda mmoja na pesa moja

Ofa moja inaongea kwa mwaka, nyingine kwa semista, nyingine kwa mwezi, na vyuo vingi vya Marekani vikisema "mwaka" vinamaanisha miezi 9. Wewe kula unakula miezi 12. Kwa hivyo badilisha kila namba iwe ya kozi nzima, kuanzia siku unatoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, mpaka siku unamaliza. Mastazi ya Uingereza kawaida ni mwaka 1, ya Marekani na Ujerumani mara nyingi ni miaka 2, na hapo tu ushaona kwamba karo kubwa ya mwaka mmoja inaweza kuwa ndogo kuliko karo ya wastani ya miaka miwili.

Halafu geuza kuwa shilingi. Usitumie ile bei unayoona ukitafuta mtandaoni, tumia ile benki yako inakuuzia, ambayo huwa juu kidogo. Na ongeza asilimia kumi ya tahadhari. Kama unadhani naogopa bure kumbuka Januari 2024 dola ilikuwa imefika karibu shilingi 160, miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Kwa shimo la dola 10,000 hiyo ni tofauti ya laki tatu, na wewe hujafanya kosa lolote, umelala tu ukaamka. Safari hiyo ilishuka. Siku nyingine itapanda ukiwa katikati ya kozi.

Kwenye mifano ya hapa chini natumia dola 130, yuro 150, pauni 175. Wewe weka za siku yako.

Hatua ya 2: Andika bei kamili kama vile hujapewa chochote

Watu wanaruka hapa kwa sababu inauma. Andika mistari minne: karo, ada za lazima, bima ya afya, na maisha (nyumba, chakula, usafiri, simu, nguo za baridi).

Ada za lazima ndizo zinaficha mambo. Chuo cha Marekani kinaweza kukufutia karo yote halafu kikakuachia ada za teknolojia, za wanafunzi wa kigeni, za ukumbi wa mazoezi ambao hutaingia hata siku moja, na zikijumlishwa ni maelfu ya dola. Ujerumani nako watu wanasema "ni bure," na kweli vyuo vingi vya umma havitozi karo, lakini kuna mchango wa semista, na jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa semista tangu 2017. Kwa hivyo "Ujerumani ni bure" haitoshi, uliza jimbo gani, chuo gani, kozi gani.

Bima: Marekani uliza kama imo kwenye ofa, kwa sababu ni pesa nzito na chuo kinaweza kukulazimisha kununua yake. Uingereza unalipa mapema pamoja na viza, nitaifikia.

Hatua ya 3: Toa kile kilichoandikwa tu

Chukua barua ya skolashipu na uiulize maswali haya, ukikosa jibu kwenye karatasi weka sifuri:

Ni ya mwaka wa kwanza pekee au kozi nzima? Karo ikipanda mwaka wa pili nayo inapanda? Kuna alama za kudumisha, na ukishuka semista moja wanakata au wanakuonya? Ni pesa unaingiziwa au ni karo inafutwa tu? Posho ni miezi 9 au 12?

Kama ni asistantishipu, yaani unafundisha au unasaidia utafiti halafu wanakulipa, hesabu inabadilika tena kwa sababu huo ni mshahara na mshahara una ushuru. Kenya na Marekani hazina mkataba wa ushuru wa mapato, kwa hivyo usisikilize mwenzako wa nchi nyingine anayekuambia yeye hakatwi. Mwanafunzi wa kigeni wa F-1 (viza ya kawaida ya wanafunzi Marekani) kwa miaka yake ya mwanzo pia hapati lile punguzo la kawaida la ushuru wanalopata raia (Wahindi wanalo kwa mkataba wao, sisi hatuna), ina maana ushuru unaanza karibu kwenye dola ya kwanza. Habari njema ni kwamba makato ya Social Security na Medicare (pensheni na matibabu ya uzeeni ya serikali) hukatwi katika miaka 5 ya mwanzo. Ukipewa posho ya bure bila kazi, ile sehemu isiyoenda kwenye karo na vitabu inaweza kukatwa asilimia 14 papo hapo.

Majina makubwa nayo yasome vizuri. Erasmus Mundus, skolashipu ya Umoja wa Ulaya, inalipa yuro 1,400 kwa mwezi na watu wanaruka kwa furaha, na ni nzuri kweli, lakini hiyo 1,400 ndiyo hiyo hiyo ya tiketi, viza na kuanzia maisha. Chevening, ya serikali ya Uingereza, inakulipia karo, inakupa posho, na tiketi na viza inakulipia kando. Ukilinganisha posho kwa posho bila kujua hilo utajidanganya.

> Usifanye hivi: kuhesabu kazi ya wikendi kama skolashipu. Marekani unaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki, tena ndani ya chuo, masomo yakiendelea. Uingereza pia saa 20. Ujerumani siku nzima 140 kwa mwaka. Ruhusa ya kufanya kazi sio kazi. Ukiipata, itakuwa ya nyama, ugali uwe ushalipiwa.

Hatua ya 4: Pesa ya kutoka Nairobi

Hii hakuna skolashipu inaitaja kwa sauti. Orodhesha:

Pasipoti mpya ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 kwenye eCitizen. Cheti cha tabia njema. Transkripti kutoka chuo chako cha hapa, na uombe mapema kwa sababu, eeh, unawajua. Mtihani wa Kiingereza kama wanautaka (andikia chuo kwanza uulize kama wanakubali kwamba ulisoma kwa Kiingereza, wengi wanakubali na umeokoa pesa). GRE, mtihani wa kuingilia mastazi, ni dola 220 kama kozi inaihitaji.

Viza ndiyo inatofautiana sana. Marekani unalipa dola 350 za SEVIS (mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa kigeni) kwa F-1 na dola 185 za ombi, jumla kama elfu 70 hivi, kabla hujaketi kwenye foleni ya ubalozi wao Gigiri. Viza ya Ujerumani ni yuro 75. Uingereza kaa chini kwanza: mwaka 2025 viza ya mwanafunzi ilikuwa pauni 524, halafu kuna ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka. Kozi yako ni mwaka 1 lakini viza inaongezwa miezi kadhaa mbele na nyuma, na hiyo miezi ya ziada inahesabiwa nusu mwaka, kwa hivyo watu wengi wa mastazi wanalipa pauni 1,164. Jumla na viza ilikuwa pauni 1,688, karibu laki tatu, zote kwa mkupuo mmoja mtandaoni. Bado kipimo cha kifua kikuu, ambacho sisi Wakenya tunatakiwa kukifanya.

Kisha tiketi, na pesa ya kutua. Kutua ni depositi ya nyumba, kodi ya mwezi wa kwanza, blanketi, sufuria, koti. Mimi nilifika na dola 400 nikijua posho inaingia mwisho wa mwezi. Chuo kilikuwa hakijamaliza makaratasi yangu, posho ikaja wiki ya saba. Nililala kwa sebule ya kijana wa Kakamega ambaye tulikuwa tumejuana siku mbili, mpaka leo nikiskia mtu anawasema vibaya Waluhya naingilia. Weka pesa ya miezi miwili. Usibishane na mimi.

Hatua ya 5: Pesa ya kuonyesha, ambayo sio gharama lakini lazima iwepo

Watu wanachanganya hapa, wanahesabu mara mbili, wanakata tamaa bure.

Ujerumani wanataka yuro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, karibu shilingi milioni 1.8. Hiyo pesa ni yako, ukifika unarudishiwa yuro 992 kila mwezi na ndiyo unaishi nayo. Kwa hivyo ukishaandika "maisha" kwenye hatua ya 2 usiiandike tena kama gharama. Iandike kwenye ile namba ya pili, pesa ya mkononi.

Uingereza unaonyesha gharama ya maisha ya miezi 9. Mwisho wa 2025 ilikuwa pauni 1,529 kwa mwezi London na 1,171 nje ya London, pamoja na karo iliyobaki. Na lazima ilale kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka. Ile mbinu ya kukopa kwa mjomba leo na kumrudishia kesho haifanyi kazi, ikishuka hata siku moja unaanza kuhesabu upya.

Marekani hakuna akaunti ya kufungwa, ila kwenye fomu ya I-20, ile unayoenda nayo kuomba viza, chuo kinaandika gharama na nani analipa, na afisa anaweza kukuuliza shimo linajazwa na nani. "Mungu atafungua njia" ni imani nzuri sana, lakini sio jibu la dirishani.

Ukiona namba hii ya mkononi huifikii hata kwa SACCO na chama na harambee ya kanisa, hiyo ofa haiko, hata kama shimo lake ndilo dogo kuliko zote.

Hatua ya 6: Nyumbani hakusimami

Andika kila kinachoendelea kutoka ukiwa huko. Mkopo wa SACCO: ukiacha kazi makato ya mshahara yanakatika, na wadhamini wako ndio watafuatwa, wale wale uliokunywa nao chai. HELB, mkopo wa serikali wa digrii ya kwanza, ukiacha kulipa kuna faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi, kwa hivyo ongea nao kabla hujasafiri. Pesa ya mama ya kila mwezi. Karo ya mdogo wako.

Kama una familia, uliza nchi kabla ya kumwahidi mtu chochote. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa mastazi ya kawaida ya darasani Uingereza hawezi kuleta mke, mume wala watoto, isipokuwa wa utafiti na wenye ufadhili wa serikali. Hiyo inamaanisha kodi mbili za nyumba, ya kwako huko na ya familia hapa Kasarani.

Na mshahara unaoacha nao ni gharama. Unalipwa elfu 80 mkononi, mwaka 1 ni 960,000, miaka 2 ni 1,920,000. Kama mwajiri anakupa likizo ya masomo, soma bondi unayosaini, utadaiwa miaka mingapi ya kurudi. Chevening nayo inataka urudi nyumbani angalau miaka 2, na ukienda kwa Fulbright, skolashipu ya serikali ya Marekani, na viza yake ya J-1 kuna sharti la miaka 2 pia. Kama ndoto yako ni kubaki huko kufanya kazi, hilo lina bei.

Hatua ya 7: Zipange ubavu kwa ubavu

Mfano wa ofa nne, namba ni za kubuni lakini ziko karibu na zile ninazoonyeshwa. Mshahara unaoachwa sijauweka, uongeze mwenyewe.

*Ofa A, Marekani, miaka 2, skolashipu dola 25,000 kwa mwaka.* Karo 42,000, ada 2,000, bima 3,000, maisha 20,000, jumla 67,000. Toa 25,000, inabaki 42,000 kwa mwaka. Miaka miwili dola 84,000. Shilingi milioni 10.9.

*Ofa B, Ujerumani, miaka 2, skolashipu hakuna kabisa.* Mchango wa semista 300 mara nne ni 1,200. Maisha na bima 1,050 kwa miezi 24 ni 25,200. Viza, tiketi na vurugu za mwanzo 1,500. Jumla yuro 27,900. Shilingi milioni 4.2.

*Ofa C, Uingereza, mwaka 1, asilimia 50.* Nusu ya karo 12,000, maisha 14,400, viza na ada ya afya 1,688, tiketi na mengine 1,000. Pauni 29,088. Shilingi milioni 5.1.

*Ofa D, Marekani, miaka 2, asistantishipu, karo yote imefutwa.* Mshahara 18,000 wa miezi 9. Toa ada 1,800, bima 2,500, ushuru kama 1,900, unabaki na 11,800. Maisha ya miezi 12 ni 17,400. Shimo 5,600 kwa mwaka, dola 11,200 kwa miwili. Shilingi milioni 1.46, ongeza viza na tiketi.

Angalia sasa. Ile yenye namba kubwa ya kupendeza kwenye barua, A, ndiyo ghali kuliko zote, mara mbili na zaidi ya ile isiyo na skolashipu hata senti. Na D ambayo kila mtu nyumbani anaiita "amelipiwa kila kitu" bado ina shimo la milioni na nusu, tena linafunguka kila Juni mshahara ukikatika. Lakini D ukiipata kazi ya utafiti ya miezi mitatu ya kiangazi linazibika karibu lote, A hata ufanye kazi usiku na mchana halizibiki.

B na C ukiongeza mshahara ulioacha zinakaribiana, B inafika milioni 6.1 na C kama 6.05. Hapo ndipo sasa unaweza kuanza kuuliza chuo gani ni kizuri zaidi.

(Kama unachotaka ni utafiti, vyuo vya Marekani vinachukua watu wa PhD moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza, na PhD ndiyo hulipiwa vizuri. Watu wanalipia mastazi kwa mamilioni kabla ya kujua hilo.)

Ukikwama

*Barua haisemi kama ada na bima zimo.* Andikia ofisi ya ufadhili imeili fupi: taja barua yako, uliza vitu vinne kwa namba, utalipa nini mwenyewe semista ya kwanza kwa dola kamili, posho ya kwanza inaingia tarehe gani, kuna mkopo au malipo ya mapema kwa wanaofika, na ufadhili umehakikishwa miaka mingapi. Usiombe msamaha kwa kuuliza.

*Wanataka jibu wiki hii na ofa nyingine haijajibu.* Marekani kuna makubaliano ya vyuo vingi kwamba mwenye ofa ya ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Angalia kama chuo chako kimesaini, halafu utaje hiyo tarehe kwa heshima. Uingereza mara nyingi ni depositi wanataka, uliza kwanza kama inarudishwa viza ikikataliwa, na wakuandikie.

*Shimo ni dogo lakini huna.* Omba waongeze. Kweli. Watumie ofa ya chuo kingine na hesabu yako, sio hadithi ya maisha. Wakikataa pesa omba wafute ada, au uanze mwaka unaofuata na ofa ibaki.

*Posho imechelewa na uko huko tayari.* Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni siku hiyo hiyo, uliza mkopo wa dharura, vyuo vingi huwa na mikopo midogo bila riba. Kama ni asistantishipu angalia kama namba yako ya Social Security imetoka, mara nyingi ndipo makaratasi yanakwama.

*Mtu anakutaka umlipe ndio upewe skolashipu.* Huyo ni mwizi. Mblok.

*Hesabu imetoka tofauti na ya rafiki yako mwenye ofa hiyo hiyo.* Angalia miezi kwanza, mmoja wenu ametumia 9.